Startapu za fotoniki ya kwantumu na biashara ya kusafirisha data kwa spidi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa nimekusanya maswali ambayo yanarudi kila mara watu wakianza kuongelea namna ya kuitoa fotoniki ya kwantumu maabara na kuipeleka sokoni, hasa wale wanaoilenga kwenye usafirishaji wa data. Mengine majibu yake ni mafupi, mengine nimeyachimba kwa sababu ndo yanayoamua kama kampuni itaishi ama itakufa.

Fotoniki ya kwantumu ni nini hasa?

Faiba inayobeba intaneti saa hii inatumia mwanga kwa wingi, kila biti moja inabebwa na maelfu ya fotoni (chembe ndogo kabisa za mwanga), ukipoteza chache hakuna anayejali. Fotoniki ya kwantumu inashughulika na fotoni moja moja, au fotoni mbili zilizofungamana (hali zao zimeunganika hata zikitengana), au mwanga ambao kelele yake imeminywa chini ya kiwango cha kawaida. Kwenye mfumo wowote utakuta vitu vitatu: chanzo cha fotoni, saketi ya kuziongoza, na ditekta ya kuzihesabu. Karibu kila startapu ya eneo hili inauza kimojawapo kati ya hivyo vitatu au inajaribu kuviweka vyote kwenye boksi moja.

Je, kwantumu inafanya data isafiri haraka zaidi?

Hapana. Naliweka hili juu kabisa kwa sababu ndo chanzo cha maandiko mengi mabovu ya kuombea hela.

Mwanga ndani ya faiba unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita inakula kama maikrosekunde 5, na fotoni ya kwantumu haina njia ya mkato, inapita humohumo kwa mwendo uleule. Kuhusu fotoni zilizofungamana, ni kweli ukipima moja matokeo yake yanaendana na ya mwenzake hata ikiwa mbali sana, na kazi hiyo ndo iliyowapa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2022, lakini huwezi kuutumia uhusiano huo kutuma ujumbe kuzidi mwendo wa mwanga, fizikia yenyewe inakataa. Halafu kuna kikomo cha Holevo tangu 1973: kyubiti moja (biti ya kwantumu, mfano fotoni moja) ukiituma peke yake, mpokeaji hawezi kutoa zaidi ya biti moja ya habari. Mwaka 1992 Bennett na Wiesner walionyesha unaweza kufika biti mbili kwa kyubiti kama pande mbili zilishagawana fotoni zilizofungamana kabla, ila hiyo ya kugawana kabla nayo ina gharama yake.

Sasa linganisha namba. Rekodi ya kugawa funguo za siri kwa kwantumu (pande mbili kupata ufunguo mmoja wa kusimba data kwa kutumia fotoni) iliyochapishwa 2023 ilikuwa zaidi ya megabiti 110 kwa sekunde kwenye faiba ya kilomita 10, na hapo ni vifaa vya maabara kabisa. Transiva (kifaa cha kutuma na kupokea mwanga) ya kawaida inayochomekwa kwenye swichi ya data senta inapitisha jigabiti 800 kwa sekunde. Hiyo ni tofauti ya kama mara 7,000. Kwa hiyo mtu akikwambia startapu yake itachukua nafasi ya faiba ya kawaida kwa kutumia kwantumu, muulize taratibu anamaanisha nini.

Sasa mbona kila siku vitu hivi viwili vinatajwa pamoja?

Kwa sababu vinatumia vifaa vya familia moja. Leza, modulata (kifaa cha kuandika data kwenye mwanga), saketi za silikoni, faiba za kuunganishia, hata viwanda vinavyotengeneza ni vilevile. Modulata nzuri ya lithiamu niobeti inayofaa kwa laini ya spidi kubwa ndo hiyohiyo mtu wa kwantumu anaililia, maana inabadilika haraka na haipotezi mwanga mwingi.

Majina nayo yanachanganya watu. Mwezi Machi 2025 Nvidia walitangaza swichi wanaziita Quantum-X Photonics, zina mwanga unaoletwa hadi pembeni kabisa ya chipu ya swichi, jigabiti 800 kwa kila poti, kazi kubwa na nzuri, lakini ndani yake hakuna kwantumu kwa maana tunayoongelea hapa, ni jina la bidhaa tu. Lightmatter na Ayar Labs vilevile ni kampuni za fotoniki ya kawaida, zinahamisha data kati ya chipu na chipu kwa mwanga badala ya shaba. Ukiandika mpango wa biashara ukachukua soko la hao ukaliita soko lako la kwantumu, mwekezaji anayejua atakugundua ndani ya dakika chache na hapo umeshapoteza imani yake.

Basi ni kitu gani kinachouzika leo?

Nikiangalia zile kampuni ambazo zimeweza kuuza vitu vinavyogusika, naona makundi manne.

La kwanza ni maboksi ya kugawa funguo za siri. ID Quantique ya Geneva ilianzishwa 2001 ikitokea chuo kikuu cha huko, na mwaka 2007 vifaa vyake vilitumika kulinda laini ya kupeleka matokeo ya uchaguzi wa Geneva. Toshiba nao wapo humu kwa muda mrefu kupitia maabara yao ya Cambridge, na Aprili 2022 wakishirikiana na BT, kampuni ya simu ya Uingereza, walifungua mtandao wa majaribio ya kibiashara London, mteja wa kwanza akiwa kampuni ya ukaguzi wa hesabu EY.

La pili ni chipu za kuzalisha namba nasibu, yaani namba zisizotabirika. Kifaa hiki ni kidogo, bei yake inaweza kushuka, na kinaingia kwenye bidhaa za watu wengine bila kumsumbua mtumiaji. Mwaka 2020 Samsung na SK Telecom walitoa simu yenye chipu ya aina hiyo ndani. Mtu aliyenunua hakuhitaji kujua lolote kuhusu fotoni, na kibiashara hiyo ni faida kubwa sana.

La tatu ni ditekta na vyanzo vya fotoni moja. Single Quantum ya Delft inauza ditekta, Quandela ya Ufaransa ilianza 2017 na vyanzo vya fotoni kabla haijaingia kwenye kompyuta nzima. Wateja wa kundi hili ni maabara na kampuni nyingine za kwantumu, soko sio pana lakini wanalipa, na wanalipa sasa hivi.

La nne ni vifaa vya fotoniki ambavyo vinafanya kazi pande zote mbili, modulata zenye upotevu mdogo, leza tulivu, swichi za mwanga. Kwa maoni yangu hapa ndo kwenye njia nzuri zaidi kwa kampuni changa inayotaka kugusa data ya spidi kubwa, kwa sababu mteja wa data senta anakulipia leo na yule wa kwantumu anakusukuma uboreshe, kifaa ni kimoja, timu ni moja, na siku soko la kwantumu likichelewa miaka 5 kampuni bado inapumua.

Boksi la funguo linakaaje na laini ya jigabiti mia kadhaa?

Data yenyewe haipiti kwenye kwantumu. Inasimbwa (inafichwa kwa ufunguo) kwa AES, njia ya kawaida ya kusimba, na kupita kwenye vifaa vya kawaida, kwantumu inaleta ufunguo tu. Ufunguo wa AES-256 ni biti 256, kwa hiyo laini inayotoa megabiti 1 ya ufunguo kwa sekunde inatosha kubadilisha ufunguo kama mara 3,900 kila sekunde, zaidi sana ya mahitaji ya mtu yeyote. Ndo maana kasi ndogo ya kwantumu hapa haimzuii mtu. Mwaka 2022 JPMorgan Chase, Toshiba na Ciena walionyesha hili kwenye laini ya data ya jigabiti 800.

Kazi ngumu ipo kwenye kutumia faiba moja kwa vyote viwili. Mwanga wa data ni mkali mno ukilinganisha na fotoni moja moja, na unapopita kwenye kioo unatawanyika kidogo na kumwaga kelele kwenye masafa ya jirani, huo unaitwa mtawanyiko wa Raman, na ditekta yako inaanza kuhesabu fotoni ambazo hukuzituma. Watu wanahamishia kwantumu kwenye nanomita 1310 na kuacha data kwenye 1550, wanaweka filta kali, wanapunguza nguvu ya leza za data. Startapu inayolitatua hili vizuri ina kitu cha kumwambia mwenye mtandao, kwa sababu kumwambia akutengee faiba nzima kwa ajili ya fotoni zako ni kumwambia aachie mapato.

Umbali unaishia wapi?

Faiba ya kawaida inapoteza kama desibeli 0.2 kwa kilomita. Ikisomwa hivyo inaonekana kidogo. Baada ya kilomita 50 umebaki na fotoni 10 kati ya 100, baada ya 100 umebaki na 1, baada ya 200 ni 1 kati ya 10,000. Ukirusha fotoni bilioni moja kwa sekunde kwenye faiba ya kilomita 500, upande wa pili itafika fotoni moja kila sekunde 10 hivi.

Kwenye mtandao wa kawaida unaweka amplifaya kila baada ya makumi ya kilomita na maisha yanaendelea. Huku haiwezekani, tangu 1982 tunajua hali ya kwantumu isiyojulikana hainakiliki, na kunakili ndo kazi ya amplifaya. Usalama wenyewe unatokana na hapohapo, mdukuzi naye hawezi kunakili, kwa hiyo huwezi kuitaka faida ukaikataa hasara.

Kinachofanyika kwa sasa ni kuweka vituo vya kati ambavyo inabidi uviamini, ufunguo unafunguliwa pale na kusimbwa upya. Laini ya Beijing hadi Shanghai iliyozinduliwa 2017, urefu kama kilomita 2,000, ina vituo hivyo 32. Njia nyingine ni setilaiti, China walirusha Micius Agosti 2016. Kuna mbinu ya fotoni za pande mbili kukutana katikati ambayo watafiti wa Toshiba waliipendekeza 2018 na mwaka 2023 timu ya China ikafika kilomita 1,002 kwa njia hiyo, lakini kwa umbali huo kasi ya ufunguo ni ndogo kiasi kwamba hakuna biashara. Ripita za kweli za kwantumu, yaani vituo vya kurefusha safari bila kuufungua ufunguo, zinahitaji memori ya kuishikilia hali ya fotoni, na kampuni kama Qunnect ya New York inauza memori inayotumia mvuke wa rubidiamu na kuijaribu kwenye faiba za mjini. Ukiniuliza kipande kipi cha sayansi kikikamilika kitabadilisha soko zima, nakutajia memori bila kusita.

Je, usimbaji mpya wa hisabati unaua biashara hii?

Unaibana, na anayeanzisha kampuni lazima awe na jibu la hili kabla hajaulizwa. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji huo, FIPS 203, 204 na 205, ambavyo vinalenga kustahimili kompyuta za kwantumu na vinawekwa kwa programu tu, hakuna faiba mpya wala boksi. NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, imesema haipendekezi ugawaji wa funguo kwa kwantumu kwenye mifumo ya usalama wa taifa, na mwanzoni mwa 2024 mashirika ya usalama wa mitandao ya Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Uswidi yalitoa msimamo wa pamoja kwamba kwa sasa teknolojia hiyo inafaa kwa matumizi machache maalum tu na usimbaji mpya wa hisabati ndo upewe kipaumbele.

Upande wa pili, Umoja wa Ulaya unajenga mtandao wake wa kwantumu wa EuroQCI na nchi zote 27 zimeingia, China imeshajenga wa kwake. Kwa hiyo wateja wapo, ila ni wa aina fulani: serikali, benki kubwa, wenye data ambayo lazima ibaki siri miaka 20 au 30 mbele na wanaogopa mtu anayeihifadhi leo ili aje aifungue baadae. Usimwendee mwenye duka la mtandaoni. Na usimwambie mteja achague kati ya hizo mbili, mwambie zinatumika pamoja, manake ndo ukweli wenyewe na ndo wateja wenyewe wanavyofanya.

Chipu yetu inafanya kazi vizuri sana maabara, kwa nini kuigeuza bidhaa inachukua miaka?

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotelea, kwa hiyo nakaa kidogo.

Maabara unamuweka mwanafunzi mmoja mwenye mikono mizuri anasogeza faiba kwa maikromita mpaka mwanga uingie kwenye chipu, anashika pumzi, anapima, anachapisha. Bidhaa inatakiwa ikae kwenye raki miaka kadhaa, joto linapanda linashuka, feni zinatikisa, na hakuna wa kuja kusogeza chochote. Kuunganisha faiba na chipu na kuifungia kwenye kasha mara nyingi kunagharimu zaidi ya chipu yenyewe.

Upotevu nao kwenye kwantumu una adhabu ya peke yake. Tuseme kiungo chako kinapitisha nusu ya mwanga. Kwa data ya kawaida unaongeza nguvu ya leza kidogo, umemaliza. Kama kazi yako inahitaji fotoni mbili zifike kwa pamoja, nusu mara nusu, umebaki na robo. Zikiwa nne umebaki na asilimia 6 tu. Kwa hiyo desibeli moja ambayo mhandisi wa mawasiliano haioni hata kama ishu, kwako inaweza kuwa ndo tofauti ya bidhaa na onyesho.

Halafu malighafi hazipatani. Silikoni inaongoza mwanga vizuri na viwanda vyake vipo tayari, lakini yenyewe haitoi mwanga vizuri, kwa hiyo leza inatoka kwenye indiamu fosfaidi, modulata nzuri kwenye lithiamu niobeti, njia zenye upotevu mdogo kwenye silikoni naitraidi, na mtu inabidi avibandike vyote pamoja. Kampuni changa kwa kawaida inaanza kwa kuchangia weifa (sahani moja inayokatwa chipu nyingi) na timu nyingine kwenye kiwanda ili kupunguza gharama, unatuma mchoro, unasubiri miezi, inarudi ina kosa, unatuma tena. Raundi mbili tatu za hivyo na mwaka umeisha. Weka hiyo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. PsiQuantum, kampuni inayojenga kompyuta ya kwantumu kwa mwanga, walichukua njia nyingine, walienda moja kwa moja kwa mtengenezaji wa chipu GlobalFoundries kutengeneza kwenye laini ya kibiashara, lakini hiyo inahitaji mfuko mnene.

Lazima tuwe na mashine ya ubaridi?

Inategemea ditekta. Zile za nyuzi za supakondakta zinafika ufanisi zaidi ya asilimia 90 ila zinakaa kwenye baridi ya kelvini chache juu ya sifuri kabisa, kwa hiyo mtambo wa ubaridi, umeme, kelele na fundi vinakuja nazo. Za semikondakta ya InGaAs zinapozwa kwa umeme tu, zinaingia kwenye boksi la raki, ila nyingi ufanisi wake ni asilimia 10 hadi 25. Kama mteja ni kampuni ya simu, anza na hizi za pili.

Hela za kuanzia zinatoka wapi?

Mwanzo kabisa ni ruzuku, na hakuna aibu kwenye hilo. Uingereza walianzisha programu yao ya kitaifa 2014, Umoja wa Ulaya 2018 na bajeti ya euro bilioni 1 kwa miaka 10, Marekani ikapitisha sheria yake Desemba 2018. Baada ya hapo wawekezaji binafsi, na hapa chagua wale ambao wanaelewa vifaa vinachukua muda. Mwekezaji aliyezoea programu za simu atakusumbua mwezi wa 18.

Usichanganywe na namba kubwa za PsiQuantum, ambao 2021 walichangiwa dola milioni 450 na 2024 serikali ya Australia na ya jimbo la Queensland zikaweka dola za Australia milioni 940. Hiyo ni kompyuta, dau la aina nyingine kabisa. Kwa mtu wa kusafirisha data mfano unaofundisha zaidi ni Luxtera: ilianza 2001, fotoniki ya silikoni, ikauzwa kwa Cisco kwa dola milioni 660, dili likafungwa 2019. Miaka 18 hiyo, na hapo teknolojia haikuwa hata ya kwantumu.

Uvumbuzi ulifanyika chuoni, hataza ni ya nani?

Mara nyingi ni ya chuo, soma mkataba wako wa ajira. Utapewa leseni kwa hisa au mrabaha au vyote. Pigania leseni iwe ya peke yako kwa eneo lako la matumizi, na maboresho utakayofanya baada ya kutoka yawe ya kampuni. Na msichapishe wala kuonyesha mkutanoni kabla ya kuomba hataza, sehemu nyingi ukishatangaza umeipoteza.

Vyeti na viwango vina umuhimu gani?

Mkubwa kuliko waanzilishi wengi wanavyodhani. Nadharia inasema ugawaji wa funguo ni salama, lakini boksi sio nadharia. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba ditekta za mifumo ya kibiashara ya wakati huo zinaweza kupofushwa kwa mwanga mkali na kuendeshwa na mshambuliaji bila kengele kulia. Njia za kuzuia zilitengenezwa, lakini tangu hapo mnunuzi makini anataka uthibitisho. ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ina kundi la viwango hivi tangu 2008 na ISO/IEC 23837 inayohusu tathmini ya usalama ilitoka 2023. Kuwa na mtu mmoja ndani ya kampuni anayefuatilia vikao hivyo ni mshahara unaojilipa, kwa sababu tenda za serikali zinaandikwa kwa lugha ya viwango hivyo.

Tunaweza kuuza nchi yoyote?

Hapana. Teknolojia za usimbaji ziko chini ya vibali vya kuuza nje, na tangu 2024 Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa zimeongeza baadhi ya vifaa vya kwantumu kwenye orodha. Hata kumuajiri mhandisi wa uraia fulani inaweza kuhitaji kibali. Tafuta mwanasheria mapema, kabla ya oda ya kwanza ya nje.

Nitajuaje startapu ina kitu cha kweli, kabla sijaweka hela au sijajiunga nayo?

Uliza upotevu wa mfumo mzima kutoka chanzo hadi ditekta, kwa desibeli, sio wa chipu peke yake. Uliza kasi ya ufunguo kwa umbali gani, kwenye faiba iliyofukiwa ardhini au iliyozungushwa kwenye kibiringo mezani, ikiwa na data ya kawaida pembeni au peke yake. Uliza mfumo umewahi kukaa ukifanya kazi muda gani bila mtu kuugusa. Uliza kati ya chipu 100 zinazotoka kiwandani ngapi zinafaa. Uliza mteja aliyelipa kwa hela yake mwenyewe ni nani, na kama alirudi kununua cha pili. Timu yenye kazi ya kweli inakujibu hayo kwa namba, na pale ambapo namba ni mbaya inakuambia ni mbaya na kinachofanyiwa kazi ni nini.